Samli ya Kidonda na Kosa la Kutazama Majani Peke Yake

Katika ofisi za afya, katika vyumba vya mihadhara na hata katika vikao vya waganga wenyewe, umeenea mtazamo unaodai kwamba nguvu ya dawa ya asili imo katika mmea peke yake, na kwamba mengine yote yanayoandamana na mmea huo, yaani mafuta unayopikwa nayo, chungu, moto, siku za kungoja na dalili za kuiva, ni mapambo ya mila ambayo mtaalamu anaweza kuyaondoa bila kupoteza chochote. Mtazamo huu hujitokeza kwa sura mbili zinazodhaniwa kuwa mahasimu. Wapo wanaoidharau samli iliyopikwa na majani, wakiiona kuwa uchafu wa kijijini unaopakwa juu ya jeraha, na wapo wanaoitukuza kwa madai kwamba kitu cha asili hakimdhuru mtu, ambao huchuma jani lolote lenye sifa, wakalisaga, wakalichanganya na mafuta yoyote yaliyo karibu, kisha wakalinadi sokoni. Makundi haya hushutumiana hadharani, lakini yanakubaliana juu ya jambo la msingi, nalo ni kwamba upishi hauna uzito. Makala haya yanapinga jambo hilo wanalokubaliana. Yanashikilia kwamba katika samli ya kidonda upishi ndio unaoyafanya majani na mafuta kuwa dawa, kwamba sehemu kubwa ya madhara yanayosemwa juu ya dawa hii hutokana na upishi kuvurugwa, na kwamba utafiti unaoanza kwa kuutupa upishi haujaichunguza dawa hiyo hata kidogo.

Nyanda za juu za Kigoma zinaufaa mjadala huu kuliko mahali pengi. Kata ya Gwarama, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Kibondo hadi Wilaya ya Kakonko ilipoanzishwa mwaka 2012, imo katika ukanda ambao karibu kila kitu kinachohitajika kwa samli ya kidonda hupatikana bila kuagizwa mbali: ng'ombe wa maziwa, asali na nta ya misitu ya miombo, pamoja na mimea inayosifiwa kwa majeraha, kama vile mshubiri na kishonanguo, ambacho katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki hupondwa kikiwa kibichi na kubandikwa juu ya mkato ili kuzuia damu. Hii ni Buha, nchi ya Waha, ambayo tawala zake za kale, zikiwamo Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo na Buyungu upande wa Kakonko, zilifungamanisha kilimo na ufugaji, na ambamo, kama ilivyo katika jamii nyingine za Maziwa Makuu zenye ng'ombe, siagi haikuwa chakula tu, kwa maana ilipakwa mwilini na kutumiwa kuchanganyia dawa za majani. Kwa hiyo swali la samli na kidonda halikuletwa huko na mgeni.

Mwenye kudharau husema kwamba, hata hivyo, wenyeji wa ukanda huo hawana utaratibu unaoeleweka, kwa kuwa kila mganga hutaja vipimo vyake na wengine hawataji kabisa. Hoja hiyo ingekuwa na haki kama mwenye kuitoa angetazama kwanza yale yaliyoupata utaratibu huo. Sotoka, ugonjwa uliofyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, uliondoa siagi katika nyumba ambazo ndizo zilizokuwa zikiifundisha. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa Buha na kuwakusanya katika makazi mapya kwa ajili ya kupambana na malale, wakaacha nyuma vichaka walivyovijua mti kwa mti. Vijana kwa maelfu walikwenda kukata mkonge katika mashamba ya mbali, na Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 ikawahamisha tena wakulima kutoka katika makazi yao yaliyotawanyika kwenda kwenye vijiji vilivyopangwa. Elimu inayorithishwa kwa mkono, kwa kusimama karibu na moto na kutazama povu, haiwezi kupita katika mitikisiko minne ya namna hiyo na kubaki nzima kana kwamba imeandikwa kitabuni. Kinachoonekana leo kama kukosa vipimo ni mabaki ya elimu iliyokatizwa, na mabaki hayo hayatoshi kuwa ushahidi kwamba vipimo havikuwapo.

Yuko shahidi mwingine anayeweza kuitwa, ambaye elimu yake iliandikwa. Ayurveda, yaani utabibu uliokuzwa katika Bara Hindi na kuhifadhiwa katika vitabu vya Kisanskriti, imezungumzia samli ya majani kwa kirefu kuliko utabibu mwingine wowote unaojulikana. Kitabu kinachobeba jina la Sushruta, ambacho ni mama wa upasuaji wa Kihindi, kinaorodhesha njia 60 za kushughulikia kidonda, na mara kwa mara kinataja samli na asali pamoja. Kitabu cha baadaye kinachoitwa Sharngadhara Samhita kinatoa uwiano ambao hadi leo unafuatwa na watengenezaji wa dawa nchini India: sehemu 1 ya rojo la majani yaliyopondwa, sehemu 4 za samli na sehemu 16 za kimiminika, ambacho aghalabu ni maji yaliyochemshiwa majani mengine hadi yakapungua sana. Katika samli ya vidonda iitwayo Jatyadi, majani ya jamii ya yasmini huandamana na mwarobaini, manjano, urukususu na mimea mingine kadhaa, pamoja na nta. Mahitaji ya mpishi wa Buha na yale ya mpishi wa Gujarat yanafanana kwa kuwa wote wawili wana mafuta yaleyale na kidonda kilekile, na ndiyo maana maandishi ya mmoja yanaweza kutoa nuru juu ya kazi ya mwingine.

Inafaa kuufuata upishi huo hatua kwa hatua, maana hapo ndipo mtazamo unaopingwa unapovunjika. Siagi inayotoka katika kibuyu cha kusukia maziwa bado ina maji, karibu sehemu 16 katika kila 100, na ndani ya maji hayo mna mabaki ya mtindi, sukari ya maziwa na protini, ambayo yote ni malisho ya bakteria. Ikiwekwa juu ya kidonda katika hali hiyo, huchacha mapema. Inapochemshwa taratibu, maji huondoka, protini huganda na kuzama au kuelea, na yanayobaki baada ya kuchujwa ni mafuta yenye maji yasiyofika hata sehemu 1 katika 100, ambamo bakteria hawapati unyevu wa kuzaliana. Hapo ndipo samli inapopatikana, na mpishi wa Ayurveda huiandaa zaidi kwa kuichemsha na manjano, maji ya limau na matunda machungu, hatua inayoitwa murchana, ambayo huondoa harufu na ubichi kabla ya kazi yenyewe kuanza.

Baada ya hapo huingizwa rojo na maji ya majani, na sufuria huwekwa juu ya moto mdogo. Mtu asiyejua anaweza kuuliza kwa nini maji yarudishwe katika mafuta ambayo yametoka kukaushwa. Jibu ni la kifizikia na halihitaji imani yoyote: maadamu kuna maji ndani ya sufuria, joto la mchanganyiko haliwezi kupanda sana juu ya nyuzi 100 za Selsiasi, kwa kuwa nguvu ya moto huishia katika kuyageuza maji kuwa mvuke, na kwa hiyo maji hayo hufanya kazi ya mlinzi anayezuia majani yasiungue kwa saa zote ambazo viambato vyake vinahamia katika mafuta. Kurkumini, kiambato cha rangi ya njano kilichomo katika manjano, karibu hakiyeyuki kabisa katika maji, lakini huyeyuka katika mafuta. Mtu anayechemsha manjano kwa maji matupu na kuyachuja hutupa pamoja na machicha sehemu kubwa ya kile alichokitafuta. Vitabu vya Kihindi vinaongeza kwamba samli isikamilishwe kwa siku moja, bali iachwe ilale kisha irudishwe motoni, jambo ambalo msomaji wa haraka huliona kuwa mwiko, ilhali mtu yeyote aliyewahi kuloweka mizizi migumu anajua kwamba muda nao unatoa.

Hatari huja mwishoni. Maji yanapoisha, mlinzi ameondoka, na joto la mafuta hupanda ghafla, hivi kwamba dakika chache za uzembe zinatosha kuyageuza majani kuwa masizi na kuiharibu samli yote. Mpishi akiitoa sufuria mapema, maji yaliyobaki yatairudisha dawa katika hali ya siagi inayochacha. Ndiyo sababu maandishi ya Ayurveda yanazikazania dalili za kuiva kuliko jambo jingine lolote. Povu la samli hutulia. Rojo, likisokotwa kati ya vidole, hujikunja kuwa utambi usioshikamana na ngozi. Utambi huo ukitupwa motoni huwaka kimya, bila kupasukapasuka, na kimya hicho ndicho kipimo kamili, kwa kuwa mlio wa kupasuka ni sauti ya tone la maji linalogeuka mvuke ndani ya mafuta. Vitabu hivyo hutofautisha viwango vitatu vya kuiva, laini, wastani na kikavu, na kiwango kikavu kuliko vyote ndicho Charaka, mwandishi mwingine mkuu wa elimu hiyo, anachokitenga kwa ajili ya kupaka mwilini. Mtu anayeziita hatua hizi ushirikina anawajibika kueleza ni chombo gani kingine, kisichotumia umeme wala mizani, ambacho kingeweza kupima unyevu wa mafuta kwa uhakika wa namna hiyo katika kijiji cha miaka elfu iliyopita, au katika kijiji cha leo kisichofikiwa na maabara.

Baada ya kuchujwa kwa kitambaa safi, nta huyeyushwa katika samli ikiwa bado ya moto. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, ilhali samli hulainika karibu na joto la mwili. Bila nta, dawa ingetiririka kutoka kwenye kidonda mara tu inapoguswa na ngozi yenye homa. Kwa hiyo nta hutoa uzito, na uzito huo huifanya dawa ikae mahali pake na kukifunika kidonda. Jambo hili lingekuwa dogo kama kufunika kungekuwa dogo, lakini mwaka 1962 mtafiti George Winter alichapisha katika jarida la Nature matokeo yaliyobadilisha uuguzi wa vidonda duniani, alipoonyesha kwa nguruwe wachanga kwamba majeraha ya juujuu yaliyofunikwa yasikauke yaliota ngozi mpya kwa kasi ya karibu mara mbili ya yale yaliyoachwa wazi hadi yakafanya kigaga. Dhana ya kwamba kidonda sharti kipigwe jua na upepo ili kikauke, ambayo ingali inarudiwa kwa sauti ya mamlaka, imepitwa na ushahidi kwa zaidi ya miaka 60, na samli iliyokolezwa nta ilikuwa upande wa ushahidi huo kabla haujaandikwa.

Wala hospitali haina haki ya kushangaa kwamba mafuta yanapakwa juu ya kidonda. Shashi iliyolowekwa mafuta ya parafini, ambayo huwekwa juu ya majeraha ya moto ili bandeji isinate, ilianza kutumiwa katika Vita Kuu ya Kwanza kwa kazi ya Mfaransa Auguste Lumière, na mafuta mazito ya petroli yaliyopewa hataza na Robert Chesebrough mwaka 1872 yangali katika kabati la kila zahanati. Marhamu nyingi za viwandani zimejengwa juu ya nta, mafuta ya sufu ya kondoo au parafini, na hakuna daktari anayedai kwamba misingi hiyo ni mapambo, kwa sababu anajua kwamba dawa ileile ikiwekwa katika msingi mwingine hutoka kwa kasi nyingine na huingia kwa kina kingine. Kanuni inayokubaliwa bila ubishi kwa marhamu ya kiwandani inakataliwa kwa marhamu ya Gwarama, na tofauti ya pekee kati ya hizo mbili ni mahali zilikopikwa.

Kukataliwa huko kumezaa namna ya utafiti inayopaswa kushutumiwa waziwazi. Mtafiti hufika kijijini na fomu, akamuuliza mganga jina la mmea na ugonjwa unaotibiwa, akachukua jani, akalikausha, akaliloweka katika methanoli au ethanoli, kisha akatazama kama majimaji yaliyopatikana yanazuia bakteria katika kisahani cha maabara. Methanoli ni kiyeyushi chenye nguvu ambacho hakuna mganga aliyewahi kukitumia, na kisahani cha maabara hakina damu, usaha, wala ngozi inayojitahidi kuota. Jani likishinda katika jaribio hilo, husifiwa kwa kiambato ambacho labda hakikuwahi kumfikia mgonjwa yeyote. Likishindwa, hutangazwa kuwa halina kitu, ilhali dawa iliyotumika, yaani jani lililopikwa katika samli na kuwekwa pamoja na nta, haijaguswa. Majibu yote mawili ni majibu ya swali ambalo halikuulizwa na mtu yeyote wa Buha.

Mkoa wa Kigoma wenyewe una mfano wa utafiti uliofanywa kwa njia iliyo bora. Mwaka 1987, katika Milima ya Mahale kando ya Ziwa Tanganyika, Michael Huffman, akiwa pamoja na mzee Mtongwe Mohamedi Seifu Kalunde, alimwona sokwe jike aliyekuwa mgonjwa akila mmea mchungu ambao Watongwe nao huutumia kama dawa, ule unaojulikana kisayansi kama Vernonia amygdalina. Kilichoifanya taarifa yao ya mwaka 1989 kuwa na thamani ni kwamba hawakuishia kwenye jina la mmea. Walitazama namna: sokwe aliyaondoa majani na gamba, akatafuna kiini cha shina tu, akafyonza maji yake machungu na kutema nyuzi. Uchunguzi wa kikemia uliofuata ulionyesha kwamba majani na gamba yana kwa wingi zaidi kiambato kinachoweza kudhuru. Mnyama aliyaacha yale ambayo mtafiti wa methanoli angeyachukua kwanza. Ikiwa namna ya kula ya sokwe inastahili kuandikwa kwa uangalifu wa kiasi hicho, namna ya kupika ya mkunga na mganga wa Gwarama inastahili zaidi.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya samli ni ile ya pepopunda, na haifai kukwepwa, kwa kuwa ni hoja inayohesabu maiti za watoto. Utafiti uliofanywa Pakistan na John Bennett na wenzake, uliochapishwa mwaka 1999, ulihusisha pepopunda ya watoto wachanga na desturi ya kupaka samli kwenye kitovu. Mwenye dharau huishia hapo, akafunga kitabu. Lakini watafiti hao waliendelea kuuliza, na wakakuta kwamba hatari ilifungamana na samadi ya ng'ombe, iliyotumiwa kama kuni za kupashia samli hiyo moto. Samadi hubeba spora za bakteria wa pepopunda, yaani umbo lao gumu linalostahimili ukame na joto, na spora hizo zilipata njia ya kuingia katika mafuta na kutoka humo kwenye kitovu kibichi. Kosa lilikuwa katika moto na mikono, yaani katika upishi na utunzaji, mahali palepale ambapo mtazamo uliozoeleka hukataa kupatazama.

Hapa sharti msifiaji naye aambiwe ukweli wake. Kuchemsha samli hakuui spora. Spora za pepopunda hustahimili maji yanayochemka, na ndani ya mafuta makavu hustahimili joto kuliko ndani ya maji, ndiyo maana viwanda vya dawa husafisha mafuta kwa joto kavu la nyuzi 150 au zaidi kwa saa nzima, joto ambalo lingeunguza kila jani lililomo katika sufuria. Kwa sababu hiyo usafi wa samli ya kidonda hauwezi kutegemea moto peke yake. Unategemea spora zisiingie tangu mwanzo, kwa kutumia kuni au mkaa badala ya samadi, chombo chenye kifuniko, kitambaa kilichofuliwa na kuchemshwa, na kijiko kisichotoka kwenye kidonda na kurudi katika kopo. Asali nayo inaweza kubeba spora za bakteria wa jamii hiyohiyo, na ndiyo sababu asali ya hospitalini hupitishwa katika mionzi kabla ya kutumiwa. Samli haina nafasi kwenye kitovu cha mtoto mchanga, haichukui nafasi ya chanjo ya pepopunda, na jeraha lililoingia ndani, la msumari, la jembe lililotoka zizini au la meno ya mnyama, ni la zahanati siku hiyohiyo. Anayeitetea samli bila kusema maneno haya haitetei.

Inawezekana kubadilisha desturi bila kuidhalilisha. Mwaka 2001 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya mpango uliofanywa miongoni mwa Wamasai wa Kenya na Tanzania, ambao ulijengwa juu ya mila na imani za Wamasai wenyewe kuhusu uzazi na kitovu, na ambao vifo vya pepopunda ya watoto wachanga vilipungua mno katika maeneo yake kuliko katika maeneo yaliyoachwa bila mpango huo. Waliofanikiwa waliingia katika desturi na kurekebisha hatua iliyoua. Amri ya kuacha desturi nzima, ambayo ndiyo silaha ya kawaida ya mabango na mikutano, humfanya mama anyamaze mbele ya muuguzi na kuendelea nyumbani.

Kuhusu ushahidi kwamba viambato hivi vinatibu, hakuna sababu ya kutia chumvi. Asali ndiyo iliyochunguzwa zaidi: mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015, yaliyokusanya majaribio 26 yenye washiriki zaidi ya 3,000, yaliona kwamba asali huponya majeraha ya moto yasiyo ya kina kirefu haraka kuliko baadhi ya tiba za kawaida, na vilevile vidonda vya upasuaji vilivyoingia vijidudu, huku yakikataa kuhitimisha juu ya aina nyingine nyingi za vidonda. Guido Majno, mwanapatholojia aliyeandika historia ya kidonda katika ulimwengu wa kale mwaka 1975, aliijaribu marhamu ya Wamisri ya asali na mafuta, akaona kwamba bakteria waliowekwa ndani yake hupungua na kutoweka. Samli ya majani yenyewe haijapata majaribio makubwa ya namna hiyo kwa binadamu. Pengo hilo, hata hivyo, haliwezi kutumiwa na wale waliolisababisha, kwa maana hakuna anayeweza kuitupa dawa kabla ya kuijaribu kisha akaishitaki kwamba haijajaribiwa.

Wengine husema kwamba mjadala wote huu umechelewa, kwa sababu dawa za kisasa zimefika kila mahali. Dawa zimefika, lakini zimefikaje? Mkulima wa Gwarama aliyejikata, ambaye hospitali ya mkoa ya Maweni iko mbali naye kwa zaidi ya kilomita 200 za barabara, mara nyingi hakutani na shashi ya parafini wala muuguzi wa vidonda. Hukutana na duka, na dukani hununua kidonge cha antibiotiki cha rangi mbili, akakifungua na kumwaga unga wake juu ya jeraha. Unga huo hukausha kidonda, hauna kipimo, na huwafundisha bakteria kuishi na dawa ambayo mgonjwa huyohuyo ataihitaji siku nyingine ili aokolewe. Haya ndiyo matumizi yanayochukua nafasi ya samli, na ajabu yake ni kwamba hayaitwi ushirikina, ingawa hayana mwalimu, hayana kitabu na hayana hata dalili moja ya kuiva.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 iliunda Baraza la kusajili waganga na dawa zao, na Muhimbili imekuwa na kitengo cha kuchunguza tiba za asili tangu mwaka 1974. Vyombo vipo. Lakini usajili unaotazama jina la mmea na kopo la kuuzia, bila kuangalia samli ilivyopikwa, utawapitisha wauza unga wa majani katika mafuta mabichi na kumwacha nje mpishi hodari asiyejua kujaza fomu. India iliingiza dawa za Ayurveda katika sheria yake ya dawa mwaka 1964 na kuchapisha orodha rasmi ya fomula, uwiano na namna za kupika. Hata hivyo utafiti uliochapishwa mwaka 2004 juu ya dawa za Ayurveda za kumeza zilizouzwa katika maduka ya Boston ulikuta risasi, zebaki au arseniki katika dawa 14 kati ya 70. Hata Jatyadi yenyewe katika fomula yake ya kale ina mrututu, chumvi ya shaba ambayo ikizidi huchoma nyama mbichi ya kidonda. Kuandikwa kwa fomula hakutoshi pasipo jicho linalofuatilia sufuria, na hakuna sababu ya Buha kuiga kila kilichomo katika kitabu cha Kihindi, sembuse madini yake.

Kinachodaiwa ni kazi inayoweza kuanza katika msimu mmoja wa maziwa mengi. Wapishi wa samli waliobaki katika Kakonko, Kibondo na Kasulu, ambao wengi wao ni wazee, watazamwe wakipika, si kuulizwa tu juu ya majani. Iandikwe siagi ilitoka wapi na ilikaa siku ngapi, maji na majani yalikuwa kiasi gani kwa kila kiasi cha samli, moto ulikuwa wa nini, povu lilitulia lini, mpishi alijuaje kwamba imeiva, ilichujwa kwa nini na ikahifadhiwa katika chombo gani. Samli hiyohiyo, kama ilivyotoka mkononi mwake, ndiyo ipelekwe Muhimbili ipimwe unyevu, spora na viambato, na ilinganishwe na samli tupu isiyo na majani, na shashi ya parafini, na asali, juu ya majeraha madogo ya watu waliokwisha kuchanjwa pepopunda na waliokubali kwa hiari. Mpishi aandikwe jina lake katika taarifa kama Kalunde alivyoandikwa katika ile ya Mahale, na apewe nakala ya matokeo kwa Kiswahili hata yakiwa yanamkataa.